Sura ya Sita: Kupunga Upepo Chini ya Meru

Alfajiri za mwezi Machi, wakulima wa Poli, Akheri na Nkoaranga hutoka nje wakautazama Mlima Meru kabla hata hawajawasha moto wa chai. Ni mlima mzuri, lakini uzuri wake si habari kwao. Wanachotafuta ni wingu: limefunika kilele, limeshuka mpaka msituni, au anga limekaa jeupe kama lilivyokuwa jana na juzi? Mlima huu wenye zaidi ya mita 4,500 umewatabiria mvua Wameru na Waarusha kwa vizazi. Siku hizi wingu linashuka, mbegu inaingia ardhini, mahindi yanaota, halafu mvua inakata kwa wiki tatu. Anayelazimika kupanda mara mbili katika masika moja amenunua mbegu mara mbili, na mara nyingi fedha ya pili ameikopa kwenye kikoba. Usiku usingizi hauji.

Nimeanza na mkulima huyu makusudi. Maandishi mengi kuhusu mazingira ya asili na afya ya akili huanza na mtu wa ofisini aliyechoka, akaenda msituni, akarudi roho imetulia. Kisa hicho ni cha kweli, na nitakirudia hapa mbele kwa ushahidi wake. Lakini kwa Arusha hakitoshi, maana hapa mlima unaotuliza ndio huohuo unaotia hofu. Ninachokishikilia katika sura hii ni kwamba kukaa kwenye miti na maji kunaisaidia akili, tena sana, hata katika zama hizi za mabadiliko ya tabianchi. Kunasaidia zaidi pale ambapo miti hiyo na maji hayo viko karibu na mlango wa mtu, na vinatunzwa na watu walio pamoja. Na havipaswi kamwe kugeuzwa mbadala wa chakula wala wa daktari.

Kwanza tuyatazame majeraha yenyewe, kwa kuwa tumezoea kuhesabu ng'ombe na magunia bila kuhesabu watu waliobaki wakiwaza.

Ukame wa mwaka 2008 na 2009 uliua mifugo kwa maelfu na maelfu katika Monduli, Longido na Simanjiro. Mfugaji wa Kimaasai aliyebaki na ndama watatu alipoteza maziwa ya watoto, mahari ya mwanawe, na nafasi yake ya kusema mbele ya wenzake. Wazee walikumbuka simulizi za Emutai, maangamizi ya miaka ya 1880 na 1890, sotoka ilipofyeka ng'ombe na ndui ikafuata kwa watu. Ukame ukarudi tena mwaka 2021 na 2022. Miongoni mwa vijana wanaolinda mageti usiku Njiro na Sakina, jijini Arusha, wapo waliotoka kwenye maboma yaliyoishiwa mifugo. Wanakesha mjini wakiwa na huzuni ambayo hakuna anayewauliza.

Upande wa pili kuna maji. Tarehe 3 Desemba 2023 matope ya Mlima Hanang yaliifunika Katesh, mkoa jirani wa Manyara. Tarehe 12 Aprili 2024, ndani ya jiji la Arusha, gari la shule lilisombwa na mafuriko likiwa na wanafunzi, na watoto walikufa. Baada ya tukio la namna hiyo mvua haibaki kuwa mvua tu. Mtoto aliyenusurika, au aliyempoteza mwenzake wa dawati moja, anaweza kuanza kutetemeka mara bati linapoanza kupigwa usiku. Mzazi hukaa macho akisikiliza korongo. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2022, liliandika wazi kwamba madhara haya kwa akili za watu yamekwisha kuanza.

Halafu ipo huzuni ya polepole, isiyo na siku ya tukio. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanafalsafa wa Australia, Glenn Albrecht, aliwasikiliza wakazi wa Bonde la Hunter ambako machimbo ya makaa ya mawe yalikuwa yameigeuza nchi yao isitambulike. Watu hao hawakuwa wamehama. Walikuwa wanapakumbuka nyumbani wakiwa nyumbani. Nikisoma habari zao huwa nawafikiria wazee wa Ngarenanyuki na Leguruki ambao asubuhi za jua kali huiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mashariki, ng'ambo ya tambarare. Vipimo vya wanasayansi vilionyesha kwamba hadi mwaka 2007 Kilimanjaro ilikuwa imepoteza asilimia 85 ya eneo la barafu iliyokuwapo mwaka 1912. Mzee aliyezaliwa miaka ya 1940 ameishuhudia sehemu kubwa ya hasara hiyo kwa macho yake, akiwa uani kwake.

Na Wameru wanayajua tangu zamani maumivu ya kuondolewa kwenye ardhi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilizifukuza familia kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea kwenye Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kufika huko. Watu waliokuwa maskini walichangishana nauli kumpeleka mwenzao upande wa pili wa dunia kwa ajili ya malisho na mashamba. Kwangu mimi huo ni ushahidi mkubwa zaidi wa uzito wa ardhi ndani ya mtu kuliko dodoso lolote.

Vijana nao wameulizwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwahoji watu 10,000 wenye umri wa miaka 16 hadi 25 katika nchi kumi, Nigeria ikiwa nchi pekee ya Afrika. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu tabianchi, na karibu nusu walisema wasiwasi huo unavuruga maisha yao ya kila siku.

Sasa tuje kwenye miti.

Mwaka 1984 Roger Ulrich, mtafiti wa Kimarekani, alichapisha ukurasa na kitu tu wa matokeo ambayo bado yanatajwa hadi leo. Alichukua kumbukumbu za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao madirisha yao yalitazama miti, nusu yalitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walihitaji dawa chache za kutuliza maumivu makali. Hawakugusa jani hata moja.

Kwa nini iwe hivyo? Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia mume na mke, walieleza mwaka 1989 kwamba umakini tunaoutumia kazini, barabarani na kwenye simu ni umakini wa kulazimisha, na unachoka. Maji yanayotiririka na majani yanayotikisika huyavuta macho bila kuyadai chochote, na umakini ule uliochoka unapata kupumzika. Mwaka 2015 watafiti wa Stanford waliwatembeza watu dakika 90, baadhi kwenye majani na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliotembea kwenye majani walirudi wakiwa wamepunguza kule kurudiarudia mawazo mabaya juu ya nafsi zao, na sehemu ya ubongo inayohusika nako ilikuwa imetulia zaidi. Nchini Uingereza, mwaka 2019, takwimu za watu karibu 20,000 zilionyesha kwamba waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walikuwa na afya na utulivu zaidi ya wasiokwenda kabisa. Haikujalisha kama saa hizo mbili zilikuwa za mkupuo au za vipande vipande. Ni kweli kwamba mtu mwenye afya ndiye hupata nguvu za kutoka, kwa hiyo takwimu kama hizo peke yake hazithibitishi kila kitu. Zikiwekwa pamoja na majaribio kama lile la Stanford, hata hivyo, zinaelekea upande mmoja.

Mkazi wa Arusha anayetaka kujaribu asihangaike na safari ya mbali. Apande daladala ya Usa River, ashuke Tengeru, atembee hadi Ziwa Duluti. Ni ziwa dogo ndani ya kreta ya volkano, limezungukwa na msitu mwembamba wa hifadhi. Barabara kuu ya Moshi iko karibu, lakini ukishaingia chini ya miti, honi za malori zinafifia hatua kwa hatua mpaka unasikia viatu vyako vikikanyaga majani makavu. Njia inazunguka ziwa, mizizi imeivuka kama ngazi, na lazima uangalie unapokanyaga. Kenge amejilaza juu ya gogo lililoangukia majini, hajali. Mdiria ametua kwenye unyasi, anatumbukia, anaibuka na kidagaa. Kima wanarushiana matawi. Ukikaa nusu saa hivi, bega lililokuwa limepanda mpaka karibu na sikio linashuka lenyewe. Hapo jirani, kuanzia mwaka 1942, wakimbizi wa Kipolandi karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliopitia uhamisho wa Siberia, walipewa hifadhi. Wakaishi katika vijumba vya duara, wakalima, wakasomesha watoto, na makaburi ya waliofia hapo yapo mpaka leo yakitunzwa.

Juu zaidi iko Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto na kuongezewa eneo la Mlima Meru mwaka 1967. Ina mbega weupe, maziwa ya Momella yenye heroe, na mierezi mirefu. Wenyeji wengi wa Arusha wameiona kwenye kalenda kuliko kwa macho. Ningependa kila shule ya jiji iwapeleke watoto angalau mara moja, lakini afya ya akili ya jiji haiwezi kutegemea mahali pa kwenda mara moja maishani.

Turudi kwa mkulima wa Poli. Yeye yuko nje kutwa nzima, chini ya migomba na kahawa, miguu iko kwenye udongo. Kama miti peke yake ingetosha, wakulima wangekuwa watu wasiojua sonona. Jibu la fumbo hili nimelipata kwenye utafiti uliofanywa Singida, ambao Chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru kilishiriki pamoja na vyuo vya Cornell na Northwestern vya Marekani. Naona haujazungumzwa vya kutosha nchini kwetu.

Mradi ulianza mwaka 2016 katika vijiji 20 vya Singida, nchi kavu ambako mvua huwa ya kusuasua. Kila kijiji kilichagua wakulima wake, wanawake na wanaume, wakafundishwa kilimo kinachofuata mwendo wa asili. Walijifunza kuchanganya mikunde na nafaka, kutengeneza mboji, kuhifadhi unyevu, na kufukuza wadudu kwa mimea. Waliofundishwa wakawafundisha majirani. Mafunzo hayakuishia shambani. Yaligusa lishe ya watoto, na yaligusa jambo ambalo wengi huliona la aibu kulitaja kwenye mkutano wa kilimo: nani anachota maji, nani anaamua mavuno yauzwe au yaliwe, baba anamsaidiaje mama mtoto akiwa mchanga. Vijiji vya nusu ya kwanza vilipata mafunzo mapema, vingine vikasubiri, na kwa njia hiyo watafiti waliweza kulinganisha.

Wanawake wa vijiji vilivyofundishwa walipungukiwa na dalili za sonona. Watafiti walipochambua sababu, waliona kwamba sehemu kubwa ya nafuu ilipitia kwenye chakula: nyumba ilikuwa na uhakika zaidi wa kula, na mama akapunguza kuwaza. Shamba lilelile, jua lilelile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alikuwa na la kufanya mvua ikichelewa, na alikuwa na wenzake wa kulifanya nalo. Mtu anayeitazama mbingu akiwa hana uwezo wowote huumia kuliko yule aliyekwisha chimba makinga maji na kufunika udongo kwa nyasi, hata kama mvua ni ileile haba.

Kwenye miteremko ya kusini ya Meru kitu kinachofanana na hicho kipo tangu enzi za mababu, nacho ni mfereji. Maji hutolewa kwenye kijito juu, yakashushwa kwa njia iliyochimbwa kwa jembe la mkono kupita mashamba ya ukoo na ukoo. Kila nyumba ina zamu yake. Ipo siku ya kufyeka na kuzoa tope, na asiyetokea bila udhuru hutozwa. Siku hiyo watu husimama ndani ya maji mpaka magoti, wanataniana, wanaulizana habari za wagonjwa, na aliyepotea wiki mbili hujulikana kuwa amepotea. Daktari wa akili angefurahi kuwa na mpango kama huo wa kufuatilia watu. Kiangazi kikiwa kirefu, mfereji huohuo huleta ugomvi: mtu anafungua maji usiku, jirani anaamka na panga. Ndiyo maana naamini kwamba fedha za kukabiliana na tabianchi zinazokwenda kukarabati mabanio na kuimarisha kamati za mifereji ni fedha za afya ya akili pia, hata kama hakuna anayeziandika hivyo kwenye bajeti.

Jijini hakuna mifereji ya kulima, lakini kuna mito, na hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi. Themi, Naura, Goliondoi, Burka na Kijenge yote inashuka kutoka Meru na kukatiza mitaa yetu. Majiji mengi duniani hutumia mabilioni kuchimba vijito vya bandia ili wakazi wapate mahali pa kupunga upepo. Arusha ilizaliwa navyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima kwa hatua kutoka ukingo wa Naura uone. Utakutana na sehemu za kuoshea magari, marundo ya mifuko na nepi, kuta za nyumba zilizosogezwa mpaka kwenye maji, na vibustani vya mchicha vinavyomwagiliwa na maji ambayo mwenye mboga mwenyewe asingeyanywa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 jijini, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 600,000. Ongezeko hilo limejibana Muriet, Sombetini, Olasiti na kwingineko, mara nyingi bila kiwanja kimoja cha watoto kuchezea. Kingo za mito zikivuliwa miti, maji ya mvua kubwa hayana cha kuyapunguza kasi. Mti wa kando ya mto unamtuliza mama aliyekaa chini yake, na siku ya mafuriko unasaidia kuyazuia maji yasifike chumbani kwake.

Je, kusafisha eneo dogo la mjini kunaweza kuonekana kwenye akili za watu? Philadelphia, Marekani, walijaribu. Watafiti walichukua viwanja vitupu 541 vilivyojaa takataka katika jiji hilo. Baadhi walivisafisha, wakapanda nyasi na miti michache, wakaweka uzio mfupi wa mbao. Vingine waliviacha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba wakazi wa jirani na viwanja vilivyopandwa walipunguza kusema wana huzuni nzito kwa zaidi ya asilimia 40, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwenye mitaa ya maskini. Haikuhitaji bustani ya kifahari. Ilihitaji nyasi, miti, na mtu wa kurudi kufyeka.

Ukingo wa mto ukisafishwa lazima pia uwe salama. Mwanamke hawezi kuambiwa akapumzishe akili kwenye njia ambayo saa kumi na mbili jioni anaipita akikimbia. Taa, njia iliyofyekwa, vibanda vya mama lishe mahali penye watu, na mlinzi anayejulikana na mtaa ni sehemu ya tiba yenyewe.

Na kupumzika huko kunahitaji mtu wa kuzungumza naye. Waarusha na Wamaasai wana oreteti, mkuyu ambao wazee hukutana na kuomba chini yake, na kuukata ni mwiko. Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi 14 kuwasikiliza watu wenye msongo wa mawazo, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 likiwa na washiriki 573 lilionyesha kwamba waliokaa na bibi walipata nafuu ya sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Sioni sababu ya zahanati za Arumeru, ambazo karibu zote zina mti uani, kukosa benchi na bibi aliyefunzwa.

Lipo la kusema bila kuzungukazunguka. Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi hali, halali, hana hamu na lolote, au ameanza kusema afadhali afe, asiambiwe akatembee Duluti. Apelekwe hospitali, asindikizwe, asiachwe peke yake. Msitu utamngoja, na atakapokuwa kwenye matibabu utamsaidia kupona.

Tarehe 1 Aprili kila mwaka ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Viongozi huja, miche inashuka kwenye lori, watoto wa shule wanachimba, picha zinapigwa. Mche uliopandwa Aprili hulindwa na masika mpaka mwishoni mwa Mei. Baada ya hapo unakutana na kiangazi cha miezi minne, vumbi, na mbuzi wa jirani. Ni hapo miche mingi hufia, na ni hapo pia ambapo faida kwa akili ya mtu huanza, kwa sababu kumwagilia kunamrudisha mtu mahali palepale jioni baada ya jioni, akiona jani jipya, akisalimiana na wale anaowakuta. Vijana wa bodaboda wa kijiwe kimoja kando ya Naura wanaweza kuilea miringaringa kumi tangu Juni hadi mvua za vuli. Wanachohitaji ni ndoo, miiba ya kuzuia mbuzi, na zamu inayoeleweka. Zamu hiyo ipangwe siku ileile ya kupanda, kabla lori halijaondoka, majina yaandikwe na namba za simu, na mtendaji wa mtaa abaki na nakala.